Kisanduku cha Mpunguzi na Uji wa Baba Yako

Zuhura,

Nimekasirika, na nimeamua kuandika nikiwa bado nimekasirika, kwa sababu nikingoja hasira ishuke nitaanza kukuandikia yale ya kila mama: ule vizuri, ulale mapema, usimwamini kila mtu. Hayo shangazi yako anakwambia sasa hivi huko Ipagala ulikokwenda kumuaga, na atayarudia mpaka chai ipoe. Mimi nimefunga kibanda mapema leo, nimerudi nyumbani, nimesukuma pembeni redio za watu zilizojaa mezani, nimekaa. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Mufindi, kwenye shamba la chai, kuwaangalizia vipimo vyao vya hali ya hewa. Na mimi na wewe hatujaongea kama mtu na mama yake tangu siku ile tuliyofunika kipimo kwa sufuria kule Mpunguzi.

Usiseme tumeongea. "Shikamoo mama", "marahaba", "chumvi iko wapi", hayo si maongezi.

Hebu nianze na kile kisanduku, maana hasira yangu ilianzia pale, na bado nikikikumbuka natamani kukipiga nyundo.

Unajua baba yako alivyokipata. Kulikuwa na wageni wanahama, wanauza vyombo, yeye badala ya kununua jokofu kama nilivyomtuma akarudi na kituo cha hali ya hewa. Kipimo kimoja cha kukaa nje juu ya mlingoti, na kisanduku chenye kioo cha kukaa ndani, vinaongea vyenyewe hewani bila waya. Nilimsema siku hiyo, we! Lakini alipokipeleka kwa mdogo wake Idi kule Mpunguzi, akakisimika katikati ya mizabibu, hata mimi nilinyamaza. Ukikaa sebuleni kwa Idi unaona joto la shambani, upepo, mvua, unyevunyevu wa hewa. Na kwa mtu wa zabibu unyevunyevu ndiyo habari yenyewe. Hewa ikilowa siku mbili tatu, ukungu unaingia kwenye majani, na usipowahi kupiga dawa, mwaka huo umekwisha.

Baba yako alipofariki, kile kisanduku nikakifanya kama mtu. Mtu akikigusa nafoka. Idi akitaka kujua la kufanya shambani ananipigia simu mimi, nami namwambia, soma kioo. Fundi mzima mimi, miaka yote nakaa Chang'ombe nafungua redio na simu za watu, najua kabisa kwamba kifaa ni kifaa tu. Lakini kile kilikuwa cha marehemu, basi nikakiamini kuliko macho ya watu walio hai.

Masika yale Idi alinipigia. "Shemeji, asubuhi majani yana umande mzito. Nipige dawa?"

Nikamuuliza kioo kinasemaje.

"Kinasema hewa kavu."

"Sasa unaniuliza nini? Usipoteze dawa."

Akapiga tena baada ya siku chache. Namba ni ileile. Nikamjibu jibu lilelile, tena kwa ukali. Na wewe ulikuwa umefunga chuo, uko hapahapa nyumbani, ukasema, "Mama, unyevu hauwezi kukaa namba moja siku zote hizo. Kipimo cha nje kitakuwa kimekufa." Nilikujibu nini? Nilikwambia kioo kinaandika namba, wewe unaniambia kimekufa, chuo kimekufundisha ubishi tu. Ningekuwa na akili ningepanda boda siku hiyohiyo nikaenda kuangalia mwenyewe. Sikwenda. Ile namba isiyotikisika ilinipa raha, Zuhura, na huo ndio ukweli wenyewe. Nilipenda kusikia kwamba kule hakuna kilichobadilika.

Tulipokwenda, mizabibu ilikuwa imeota unga mweupe kila kichala. Uliona mwenyewe Idi alivyotembea mstari hadi mstari anagusa zabibu. Ukapanda mlingoti ukafungua kipimo: betri zimevuja, kutu ya kijani imekula kila kitu, kimekufa zamani. Na sebuleni kioo kinang'aa, hewa kavu, mambo mazuri kabisa!

Idi hakunilaumu. Alinikaribisha chakula. Mpaka leo hajanilaumu, na hilo linaniuma kuliko angenitukana, kwa sababu angenitukana ningepata pa kujitetea. Sina pa kujitetea. Aliona umande kwa macho yake, akauliza mara mbili kama mtu mwenye adabu, na mimi nikamzuia. Nakuandikia hili wazi kwa sababu huko uendako utakuwa ndiye unayepigiwa simu. Mtu mwenye shamba atakuuliza, naye atakuwa ameshaona umande. Msikilize kwanza yeye, ndipo ukatazame kioo chako.

Sasa, lile ulilolifanya baadaye sikukusifu wakati ule kwa sababu ya kiburi, nakusifu leo.

Mimi nilitaka tukitupe kisanduku. Wewe ukakigeuza, ukatoa kifuniko cha betri, ukabandua ile karatasi ya gundi yenye maandishi madogo, na chini yake kukawa na vidoti vinne vya shaba. Kitabu chake hakisemi lolote kuhusu vidoti hivyo. Tulikisoma chote, hata kurasa za maonyo. Nikaleta testa. Kidoti kimoja ardhi, kimoja umeme, kimoja kimekaa kimya, na cha nne sindano inarukaruka. Nikakwambia, hiki kinaongea. Tukachomea waya, tukaunganisha na kile kidude ninachofufulia ving'amuzi vilivyogoma, tukatia kwenye kompyuta yako, na kioo cha kompyuta kikajaa takataka, alama za ajabuajabu. Ukabadilisha kasi, takataka. Ukabadilisha tena, takataka. Halafu ghafla zikageuka mistari iliyonyooka: saa, joto, unyevu, upepo, mvua. Ulipiga kelele mpaka mke wa Idi akatoka jikoni na mwiko.

Kisha ukaanza kukipelekea herufi kwa kile kidoti kilichokaa kimya, moja moja, kuona kitajibu nini. Nikakukataza. Ukaendelea. Herufi moja ikafuta saa, kisanduku kikarudi mwaka kilipotengenezwa, nami nikakupigia makelele kwamba unaua mali ya marehemu. Ukaendelea vilevile, macho makavu. Ukafika kwenye R, na kisanduku kikamwaga kila kilichokuwa tumboni mwake, mistari ya miezi na miezi.

Ni wewe uliyeona ile herufi ya mwisho. Kila mstari unaishia na A. Ukifika zile siku za umande wa Idi, mistari yote inaishia na K. Unyevu namba ileile, joto lilelile, K, K, K.

Ukatia betri mpya kipimo cha nje, tukasafisha kutu, ikarudi A. Ndipo ukaomba sufuria. Ukakishusha kipimo, ukakifunika kwa sufuria kubwa, juu ya sinia la bati, mawimbi yake yasitoke. Idi akauliza, "Shemeji, leo mnakipika?" Tulicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Tukaingia ndani tukakaa mbele ya kompyuta. Mstari mmoja, A. Mwingine, A. Halafu K. Na kisanduku pale mezani kinaonyesha namba zilezile, hakipepesi. Ukatoa sufuria, A ikarudi. Ukafunika, K.

Kumbe A maana yake nimesikia kutoka nje sasa hivi. K maana yake sijasikia kitu, narudia cha zamani. Kisanduku kinajua! Kinajua kwamba hakijui, kinaandika kabisa, halafu kinaificha habari hiyo nyuma ya karatasi ya gundi, na mbele ya watu kinaonyesha namba.

Nilipompigia wakala anayeviuza, yule kijana wala hakushtuka. Unakumbuka, nilimweka kwenye spika. "Mama, mteja akiona vistari vitupu anadhani kimeharibika, anarudisha. Akiona namba, anatulia."

Anatulia! Damu ilinichemka. Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa na udhu ninao. Shamba la mtu limekwisha, watoto wake wanakula kwenye zabibu hizo, na mwenzetu anataka tutulie! Nikakata simu, nikageuka kwako nikitegemea ukasirike pamoja nami.

Na wewe ukanitazama tu. Ukasema, "Kama wewe, mama."

Maneno matatu. Nilielewa palepale, usidhani sikuelewa. Ndiyo maana niliichukua ile sufuria nikaitupa uani. Ina bonde mpaka leo, na nasikia kwa Idi wali unaungulia upande mmoja. Nikakwambia toka mbele yangu. Ukatoka, na hujarudi, ingawa unalala chumba cha pili.

Basi ngoja niseme lile ambalo hatujawahi kulisema.

Ulikuwa shule ya bweni, kidato cha nne, mtihani umeanza. Baba yako amelazwa. Siku ya kwanza nilipompigia matroni akakupa simu, nilikwambia, "Baba anaendelea vizuri, kanywa uji." Na ilikuwa kweli. Alikunywa kikombe kizima, akalalamika hauna sukari. Kesho yake ukauliza, nikakwambia kanywa uji. Siku hiyo alikuwa amelamba kijiko kimoja akageukia ukutani. Siku iliyofuata ukauliza, nikakwambia kanywa uji, na nilikuwa nimesimama koridoni hospitali, na nyuma yangu baba yako hafungui tena mdomo hata kwa maji. Ukaniuliza, "Anaweza kuongea na mimi?" Nikasema amelala. Uliniuliza tena siku nyingine, nikasema amelala. Siku aliyofariki ndiyo siku ambayo sikupiga, na wewe ukadhani simu ya matroni imeisha chaji.

Ulimaliza mtihani ukarudi ukakuta matanga yameshaanuliwa, na kaburi lina majani.

Watu walinisifu. Ulijua hilo? Walisema mama huyu ana moyo, kamlinda mtoto mpaka kamaliza mtihani. Na mimi nikaivaa sifa hiyo kama kanga mpya. Nilitaka utulie, Zuhura. Neno lilelile la yule kijana wa simu. Nilikuwa najua kwamba sisemi kweli, nilijua kila mara, na nikaonyesha namba ya zamani kwa sababu niliogopa kusikia kilio chako nikiwa peke yangu kwenye korido ile. Mtihani wako niliuweka mbele kama kisingizio. Nilijikinga mimi. Na alikuwa na siku mbili za kuongea, mwanangu. Siku mbili alizotaja jina lako. Hizo nilikunyima, na hakuna betri mpya ya kuzirudisha.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nimekasirika mno kuomba msamaha vizuri. Nimejikasirikia mimi, nimemkasirikia yule kijana, nimewakasirikia walioketi mahali fulani wakaamua kwamba mkulima wa Mpunguzi hastahili kuonyeshwa kistari kitupu. Na nimekukasirikia wewe pia, usijifanye malaika!

Maana wewe nawe umejifunza kwangu, tena umejifunza vizuri. Tangu siku ya sufuria kila nikikuuliza, "niko sawa". Umekula? Niko sawa. Umelia? Niko sawa, ni vitunguu, na hatukupika siku hiyo. Juzi nimekuuliza kama unaogopa kwenda mahali usipomjua mtu, ukasema niko sawa huku unafunga begi lililokwisha fungwa. Haki ya Mungu nilitaka kukutikisa mabega. Huko Mufindi nikikupigia simu, usiniambie niko sawa. Niambie baridi imekupasua midomo, bosi ana kisirani, umemkumbuka baba yako ukashindwa kula. Na kama siku hiyo hutaki kuongea, sema sitaki kuongea. Kistari kitupu nitakielewa. Namba ya zamani sitaki kuiona tena nyumbani kwangu.

Na wale wenye chai yao, waambie mapema kuhusu mambo ya A na K. Vipimo vyao sivijui, pengine vina adabu zaidi, lakini ukivikuta na karatasi ya gundi mgongoni, bandua. Kipimo kikifa, andika kwa mkono wako kwamba kimekufa, hata kama mkubwa wako atachukia. Atachukia, tena sana. Mwache achukie.

Haya. Sasa na mimi.

Umeniuliza mara ngapi kwa nini siku hizi nachomea waya pembeni ya pale panapotakiwa? Nikasema taa mbaya. Umeniuliza kwa nini zile kazi za nyaya nyembamba nakuachia wewe, nikasema nataka ujifunze. Ulivyonikuta nimejigonga kwenye fremu ya mlango nikasema niko sawa.

Jicho langu la kushoto linakufa. Daktari wa macho anasema ni presha ya macho. Uoni uliopotea haurudi. Uliobaki, na jicho la kulia, vinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yangu yote. Nimeanza matone. Kwa upande wa kushoto naona kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Kazi ya simu nimeiacha, ndiyo maana mezani hapa zimebaki redio tu, zenye nyaya nene. Ninaogopa. Nikilala ninaogopa, nikiamka najaribu jicho moja moja kabla sijashuka kitandani. Hakuna mtu ninayemwambia haya isipokuwa wewe, na Idi hajui, na shangazi yako ole wako umwambie kabla yangu.

Najua unachofikiria. Usithubutu. Ukiahirisha safari kwa sababu ya jicho langu nitakutoa humu ndani kwa mikono yangu miwili, na mikono haina ugonjwa. Nimekwambia ili ujue, sikukwambia ili ukae. Hayo ni mambo mawili, na mimi niliwahi kuyachanganya, unajua yaliyotokea.

Jambo moja nilikuwa nalo moyoni mpaka nilipofika katikati ya barua hii. Nilipanga barua hii niichimbie kwenye begi lako, chini ya ile kanga ya juu, uje kuiona ukiwa umeshapita Mtera na basi haligeuki. Nilishaanza hata kuandika, "ukisoma hapa utakuwa mbali." Nikaona kalamu yangu inafanya nini. Nimeuchana ukurasa ule, ndiyo maana huu una mwanzo wa haraka haraka.

Kwa hiyo ukirudi kutoka Ipagala utanikuta nimekaa hapahapa mezani, na barua nitakupa mkononi. Uisome mbele yangu. Ulie mbele yangu. Ukitaka kunipigia kelele nipigie, majirani wamezoea. Ukitaka kuniuliza baba yako alisema nini siku zile mbili, uliza, nitakwambia lote, hata yale ya kuumiza, na usiku huu hakuna atakayekuwa sawa humu ndani.

Nasikia geti. Ni wewe, unaburuza viatu.

Mama yako,
nimepima mwenyewe, leo, kwa jicho lililobaki.

A